"Hawa nao ni watu": jibu kwa mama aliyeuliza kama viongozi wanaona mwanae ana thamani

Nimeletewa swali na mama mmoja wa mkoa wa Shinyanga, naliweka hapa kwa ufupi ili wengine mfuatilie:

"Shikamoo mama. Nina mtoto wa kiume wa miaka 8, ana ualbino. Mgombea alikuja kwetu kufanya mkutano, akamwona mwanangu kwenye umati, akamwita jukwaani, akamshika mkono akaunyanyua juu, akasema ndugu zangu hawa nao ni watu, tuwahurumie, afu akampa mwamvuli. Watu walishangilia sana, baba yake alifurahi mpaka leo anasimulia. Mimi nilirudi nyumbani nikakosa usingizi na sijui kwa nini. Wewe umekaa ustawi wa jamii miaka mingi, hivi hawa viongozi kweli wanaona uhai wa mwanangu una thamani sawa na wa watoto wao? Nitajuaje?"

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu, sababu hilo swali nimelibeba mwenyewe zaidi ya miaka 20 niliyofanya kazi ya afisa ustawi Kanda ya Ziwa. Na kilichokunyima usingizi nadhani nakijua. Ni neno "nao".

Hebu lisikilize tena: hawa nao ni watu. Umewahi kusikia mtu anasimama jukwaani anasema wafanyabiashara nao ni watu? Madaktari nao ni watu? Hakuna, sababu hakuna aliyewahi kuwatilia shaka. Ukisema "nao" maana yake kuna swali lilikuwepo kichwani, kwako au kwa unaowahutubia, kwamba labda sio watu, na wewe umekuja kuwaombea waingizwe. Mgombea wako pengine hakukusudia ubaya hata kidogo, pengine aliona anafanya jema mbele ya Mungu na watu, lakini sikio la mama limesikia mwanae anaombewa kibali cha kuwa mtu, na sikio lako halijakosea.

Lugha yetu yenyewe ina kesi ya kujibu hapa. Angalia maneno tuliyorithi: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa. Yote yanaanza na ki, kama kiti na kijiko. Najua kuna mtu ataniambia hata kiongozi na kijana yana ki, ni kweli, kwa hiyo sisemi herufi ndo inaua mtu. Nachosema ni kwamba ndo maana watu wenye ulemavu wenyewe walidai tuseme "mtu mwenye", mtu mwenye ualbino, mtu asiyeona, neno mtu litangulie. Na kwa watoto kama wako kanda yetu ilienda mbali zaidi, kule mitaani vijana wakimwona mtu mwenye ualbino anapita wanasema "dili hilo". Dili. Hapo hata ki haipo tena, ni hela inatembea.

Sasa naomba nikupe kitu kimoja ambacho kimenisaidia kuwapima viongozi, afu nikueleze nilikitoa wapi. Kuna bei na kuna thamani. Kitu chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine, mbuzi huyu kwa baiskeli ile. Uhai wa mtu hauna bei, una thamani. Kila mara nilipoona maisha ya watu wenye ulemavu yanaingia hatarini, kuna mahali mtu, wakati mwingine mtu mkubwa kabisa, alikuwa ameanza kuwazungumzia kwa bei. Mganga anasema kiungo hiki kinaleta utajiri, hio ni bei. Afisa anasema hawa wanatugharimu sana, hio nayo ni bei. Na hata huruma ya jukwaani inaweza kuwa bei, mtoto anapewa mwamvuli kwa makofi ya umati.

Tuanze na kwetu. Mauaji yalipoanza kusikika sana, mwaka 2006, 2007, Mwanza, Shinyanga, Geita ya wakati ule ikiwa bado wilaya, Tabora, Kagera, mwanzoni wengi serikalini waliyachukulia kama mauaji ya kawaida ya imani za kishirikina, kama yale ya vikongwe wenye macho mekundu. Baadae ikaja kuonekana ni biashara, kuna muuaji, kuna dalali, kuna mganga na kuna mteja mwenye hela. Hizo bei zilizokuwa zinatajwa sitaziandika hapa, kuitaja bei ya mtu ni kuitangaza. Zaidi ya watu 70 wameuawa Tanzania tangu miaka ya 2000 kuanza, na wengine wengi wamebaki hai bila mkono au vidole, na hapo hujahesabu makaburi yaliyofukuliwa.

Viongozi walifanya nini? Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke mwenye ualbino, na mimi nakumbuka siku ile wamama wenye watoto kama wako walivyolia kwa furaha ofisini kwetu, sababu kwa mara ya kwanza walimwona mtu mwenye ngozi ya mtoto wao ameitwa mheshimiwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda akiwa ziarani huku kwetu alisema anayekamatwa anamuua mtu mwenye ualbino na yeye auawe hapohapo. Wabunge wakamkalia kooni, waziri mkuu anawezaje kuhimiza watu wachukue sheria mkononi, na akijieleza bungeni akatoa machozi, nchi nzima iliona.

Mimi nayaamini machozi yale. Alikuwa ametoka kuona kwa macho yake tuliyokuwa tunayaona sisi kila wiki. Lakini angalia ile kauli, auawe hapohapo. Kwa uzoefu wangu ukishaua yule kijana aliyetumwa na panga umeua na ushahidi, dalali hajulikani, mteja anaendelea kukaa mstari wa mbele harusini. Hasira ya kiongozi ilikuwa ya kweli ila ilimlenga wa chini kabisa kwenye ule mnyororo. Mwezi huohuo wa Januari leseni za waganga wa jadi zikafutwa, mwaka huohuo wananchi wakapigishwa kura za siri wataje wanaowashuku, na mwaka 2015 wizara ya mambo ya ndani ikatangaza tena kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Ukisikia kitu kinapigwa marufuku mara ya pili jiulize ile mara ya kwanza iliishia wapi. Kilichonipa moyo mimi ni kitu kidogo kisichopigiwa makofi: Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, ikawahukumu kifo. Adhabu ya kifo tunaweza kubishana, mimi mwenyewe siipendi, lakini kwa mara ya kwanza jaji alikaa akasikiliza mashahidi, akaandika hukumu ndefu, kwamba huyu aliyekufa alikuwa mtu, bila hilo "nao".

Kuna jingine kubwa la mwaka 2010, Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wao kupitia chama cha CUF. Kuteuliwa ni jambo zuri, ila hapa watu walipanga foleni juani, wakaweka kura kwa mtu mwenye ualbino awasemee kuhusu maji na barabara na korosho zao. Ndo thamani hio. Hawakumpa kura ya huruma, walimpa kazi.

Halafu 2015 Rais Magufuli akamteua Dk. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, kuwa naibu waziri, na baadae akapelekwa ubalozi wa Berlin, Ujerumani. Naomba nikae hapo Berlin kidogo, utaona kwa nini.

Kwenye mji huo kuna mtaa unaitwa Tiergartenstraße, nyumba namba 4. Pale ndo palikuwa ofisi ya mpango uliokuja kuitwa T4, wa serikali ya Hitler kuwaua watu wenye ulemavu wa nchi yao wenyewe. Haukuanza na mauaji mwanangu. Ulianza na hesabu. Mwaka 1920 mwanasheria mmoja na daktari mmoja, maprofesa wote wawili, waliandika kwamba kuna maisha yasiyostahili kuishiwa. Julai 1933 ikapitishwa sheria ya kuwafunga kizazi watu waliosemwa wana magonjwa ya kurithi, wakiwemo viziwi, wasioona, wenye kifafa, na watu kama 400,000 walifanyiwa hivyo. Shuleni watoto wakapewa maswali ya hesabu, mgonjwa mmoja wa akili anaigharimu serikali kiasi gani kwa siku, hela hio ingejenga nyumba ngapi za familia zenye afya. Kukawa na bango la mtu mlemavu amekaa kwenye kiti, nyuma yake mhudumu amesimama, na maandishi kwamba mtu huyu atatugharimu mark 60,000 maisha yake yote, ndugu mwananchi hio ni hela yako pia. Umeona? Bei imeandikwa kabisa.

Baada ya miaka sita ya kuzoea hesabu hizo, mwaka 1939 Hitler alisaini barua fupi ya kuwaruhusu madaktari watoe kile walichokiita kifo cha huruma. Aliisaini mwezi wa kumi ila tarehe ikarudishwa nyuma mpaka Septemba 1, siku vita ilipoanza. Huruma, neno lilelile. Fomu zikatumwa mahospitalini, daktari aliyekaa mbali na ambaye hajawahi hata kumwona mgonjwa anaweka alama kwenye karatasi, na watu wanapakiwa kwenye mabasi kupelekwa vituo sita vilivyojengwa vyumba vya gesi, Hadamar na Hartheim ni viwili kati yake. Mpaka Agosti 1941 walikuwa wameuawa zaidi ya watu 70,000. Familia zilipelekewa majivu na barua ya uongo kwamba mtoto wenu amekufa kwa nimonia. Tarehe 3 Agosti 1941 askofu wa Münster, Clemens von Galen, alipanda mimbarini akalisema waziwazi kanisani, akawauliza waumini wake kama tukikubali mtu asiyezalisha anaweza kuuawa, ole wetu sote tukizeeka. Baada ya wiki tatu mpango ule ulisimamishwa rasmi, lakini mahospitalini uliendelea kimyakimya kwa njaa na sindano mpaka vita inaisha.

Kwetu ni tofauti na lazima niiseme hio tofauti, serikali ya Tanzania haikuwahi kuagiza mtu yeyote mwenye ualbino auawe, na anayezifananisha moja kwa moja anakosea na anawakosea waliokufa kule na waliokufa huku. Nimekupeleka Berlin sababu mbili tu. Ya kwanza, uone hesabu za gharama zikitoka mdomoni kwa wakubwa zinaweza kufika wapi. Ya pili, kwamba nchi yetu ilimtuma kwenye mji huohuo mwakilishi wake, mtu mwenye ualbino, msomi wa sheria, akakaa mezani na mawaziri wao. Hilo kila nikilifikiria linanipa nguvu.

Sasa nirudi kwenye hesabu za gharama, sababu na mimi nimekutana nazo, hapa hapa. Nilikuwa kwenye kikao kimoja cha bajeti, halmashauri siitaji, tumeomba hela ya losheni ya jua kwa watu wenye ualbino wa wilaya nzima. Kiongozi mmoja mzuri tu, mcha Mungu, aliwahi kulipia ada watoto yatima kwa mfuko wake, akasema hivi: wangapi hao? Nikamtajia. Akasema hela hii tukijenga matundu ya vyoo shule fulani tutasaidia watoto wengi zaidi. Kikao kizima kikatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikosa cha kusema siku ile, nilirudi nyumbani ndo jibu likaja: choo kila mtoto ana haki nacho, na uhai pia, hivi vitu viwili haviwekwi kwenye mzani mmoja afu ukachagua chenye vichwa vingi. Yule mtu hakuwachukia watoto hao. Alikuwa amewawekea bei bila kujua.

Na losheni sio urembo jamani. Watu wanaogopa mapanga, na ni haki waogope, mwaka 2024 tu mtoto wa miaka miwili alichukuliwa mikononi mwa mama yake Muleba, Kagera, akakutwa ameuawa, watu tisa wakafikishwa mahakamani. Ila muuaji anayechukua wengi zaidi ni jua. Kansa ya ngozi. Nimezika vijana wa miaka 25, 30, walioanza na kidonda kidogo sikioni au shingoni, wakaambiwa kitapona. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni yao inaitwa Kilisun, imetengenezwa maalum kwa ngozi yenye ualbino kwa jua letu, kwa hiyo huwezi kuniambia haiwezekani, inawezekana na inatengenezwa hapa. Jirani zetu Kenya serikali imekuwa ikitenga hela ya kugawa losheni bure kupitia baraza lao la taifa la watu wenye ulemavu, na kwenye sensa ya 2019 waliwahesabu wenye ualbino peke yao, wakapata 9,729. Sisi sensa ya 2012 ilipata 16,477. Kuhesabiwa ni mwanzo mzuri, mtu akishahesabiwa huwezi kusema hukujua yupo. Lakini ukishamjua yupo, zahanati ya kijiji chenu ina losheni?

Kuna jambo lingine linaniuma, nalo ni vile vituo. Wakati wa hofu watoto walipelekwa Buhangija hapo Shinyanga kwenu, Mitindo kule Misungwi, Kabanga kule Kasulu, wakae salama. Mimi mwenyewe nimepeleka watoto, nimesaini karatasi, na kwa usiku ule ilikuwa sahihi, maana asubuhi isingemkuta hai. Ila vituo vikajaa, mwaka ukawa miaka mitano, mtoto aliyekuja ana miaka 4 amefika 10 hamjui tena bibi yake, kijijini ndugu wameshamsahau. Tulimfungia aliyekuwa anawindwa badala ya kumfungia anayewinda. Kiongozi akikwambia tatizo limeisha sababu watoto wako kituoni, muulize kwa upole lini watarudi nyumbani.

Na mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko Arusha, ilitoa hukumu kwenye shauri lililofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu, ikasema nchi yetu ilivunja haki za watu wenye ualbino, ikiwemo haki ya kuishi, kwa kutofanya vya kutosha kuwalinda. Isome au mtafute mtu akusomee. Wengine waliona ni aibu kwa taifa. Mimi niliona ndo jibu la yale yote tuliyokuwa tunaambiwa, kwamba kulaani mauaji peke yake hakutoshi, uhai wa mwanao serikali ina deni nao.

Basi utajuaje? Usimpime kwa alichosema jukwaani, hata akilia. Kampeni ndo wakati mbaya zaidi wa kumpima mtu, na kwetu ni wakati wa hofu pia, kabla ya uchaguzi wa 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa tahadhari kwamba mashambulizi yanaweza kuongezeka kwa sababu ya wanaotafuta bahati ya kushinda. Mgombea wako kama anajua hilo angeanza kwa kusema mbele ya umati kwamba yeye na wapambe wake hawaendi kwa mganga, na hakuna uongozi unaopatikana kwa damu ya mtu. Hilo lingemlinda mwanao kuliko mwamvuli.

Akishashinda mfuate, au muulize diwani wako ndo yuko karibu zaidi. Bajeti ya mwaka huu ina losheni na kofia au haina. Ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri ambayo sheria inasema ni ya watu wenye ulemavu, nani kapata kijijini kwetu, nani hajapata na kwa nini. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu, je ofisi ya halmashauri yenyewe inafika? Shule ina karatasi za mtihani zenye maandishi makubwa? Usiende peke yako, nenda na wazazi wengine, kuna chama cha watu wenye ualbino Tanzania kina matawi mikoani. Anayeona thamani atakujibu kwa namba au atakwambia sijui ngoja niulize, na atarudi na jibu. Ukiona anakwambia mama vumilia, Mungu ana makusudi yake, afu anaingiza mkono mfukoni akupe elfu kumi, umeshapata jibu lako.

Baba yake usigombane nae. Pengine ndo mara ya kwanza watu wanamshangilia kwa ajili ya mtoto huyo, baada ya miaka 8 ya kunong'onwa, na kiu hio ya baba ni ya kweli.

Mwamvuli mwache mtoto autumie, ni kivuli. Mwalimu amkalishe mbele karibu na ubao, sio dirishani, na michezo ya saa sita mchana asilazimishwe. Mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio, na kidonda chochote kisichopona wiki mbili usisubiri, mpeleke hospitali.

Afu kuna swali moja kwenye ujumbe wako wote sijaliona, na nadhani siku ile hakuna mtu alilifikiria, wala mgombea wala umati. Muulize mwanao alijisikiaje pale juu, mkono wake ulipokuwa umenyanyuliwa. Mkae wawili tu, jioni, bila haraka. Akikujibu, niandikie tena.